Saa 3,600 za mfanyakazi anayesoma

Msimu wa udahili unapofunguliwa katikati ya mwaka, karani wa ghala la Kariakoo, Dar es Salaam, keshia wa supamaketi ya Mwenge na fundi simu anayetaka kuhamia uhasibu hupiga simu vyuoni na swali moja: ada ni shilingi ngapi? Wa upande wa pili anataja kiasi cha mwaka, mpigaji anakiandika kwenye kikaratasi, kisha anapiga chuo kinachofuata. Mwisho wa siku, chuo chenye tarakimu ndogo ndicho kinachopata mwanafunzi.

Kwa kijana anayesomeshwa na wazazi, hesabu hiyo yaweza kutosha. Kwa anayefanya kazi, inaacha nje sehemu kubwa ya gharama.

Ada hutajwa kwa mwaka, lakini shahada hupimwa kwa krediti. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mihadhara, kazi za kufanyia nyumbani, kujisomea na mitihani vikiwa humo humo. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Anayelala bweni na kuamkia darasani huzitimiza bila hata kujua kwamba zinahesabiwa. Mfanyakazi inabidi azitafute.

Atazitoa wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mpaka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na foleni ya kwenda Mbagala haimo ndani yake. Tuseme mwaka wa masomo una wiki 34. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu atahitaji takriban saa 35 za masomo kila wiki. Ukizijumlisha na za mwajiri, zinafika 80. Wapo wanaoziweza kwa mwezi mmoja wa mitihani. Kuziweza miaka mitatu mfululizo, ukiwa na mtoto wa chekechea na mama mgonjwa kijijini, ni habari nyingine kabisa.

Mfanyakazi wa kawaida akijibana sana atapata saa mbili kila jioni ya kazi, tano Jumamosi na tatu Jumapili. Hizo ni 18 kwa wiki. Kwa mwendo huo, saa 3,600 zinakwisha baada ya wiki 200, karibu miaka minne bila kupumzika hata Krismasi au Idi. Mwenye busara apange mitano.

Hapo ndipo ada nafuu inapoanza kubadilika sura. Programu ya jioni inayomtaka mfanyakazi atembee sambamba na wanaosoma kutwa humwingiza kwenye msamiati ambao kila mwanachuo wa Tanzania anaujua: sapu, keri, na mwisho disko. Sapu ni mtihani wa marudio. Keri ni somo analolibeba hadi mwaka unaofuata, akiwa na mapya juu yake. Disko ni kuondolewa chuoni, na ada iliyokwisha lipwa hairudi. Anayeburuta keri mbili hadi akalazimika kuongeza mwaka amejinunulia shahada ya miaka minne kwa bei ambayo hakuna kipeperushi kinachoitaja.

Kuna na gharama za njiani. Chukua mfano wa mtu anayetoka kazini, anakwenda darasani mjini, kisha anarudi nyumbani usiku. Ikiwa safari hiyo ya ziada inamla shilingi 1,400 kwa siku, na sahani ya chakula cha jioni karibu na chuo ni 2,500, kila siku ya darasa imemtoa 3,900. Kwa siku 150 za darasa katika mwaka, hiyo ni 585,000. Kwa miaka mitatu, 1,755,000. Kwenye chuo kinachotoza milioni moja na nusu kwa mwaka, atakuwa amekula na kusafiri kwa zaidi ya ada ya mwaka mzima, na fedha hizo hazikuandikwa popote. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza ya asilimia 35.1 iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000. Nauli na ubwabwa wa mwaka vimeuzidi mshahara huo wa mwezi.

Kwa hiyo mahali chuo kilipo ni sehemu ya ada. Anayefanya kazi Posta ana Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kwa miguu, na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanza mwaka 1965, hakiko mbali naye. Wa bandarini anaikuta Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) upande wake wa mji. Wa Singida, Mtwara au Kigoma hana haja ya kuhamia Dar es Salaam kwa sababu ya uhasibu. TIA ina kampasi huko kwao. Kupanga chumba Sinza ili usome kitu kilichopo mkoani kwako ni anasa, hata kama ada inafanana.

Njia ambayo wafanyakazi huiwazia mwisho, pengine kwa sababu haina mahafali yenye majoho kila kona ya mji, ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wa kwanza. Kina vituo mikoani, na kilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi: anajisajili masomo anayoyaweza, analipia hayo, na muda wake unaweza kunyooka zaidi ya miaka mitatu bila kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Kwa mwenye mfuko mwembamba, faida kubwa imo katika neno hilo dogo, analipia hayo. Mwaka ambao mtoto anaanza kidato cha kwanza anapunguza masomo. Mwaka wenye nafuu anaongeza. Likizo ya mwaka, ambayo sheria inaitaja kuwa siku 28, inaweza kupangwa iangukie kwenye mitihani.

Isije ikadhaniwa ni njia ya mkato. Masomo kama takwimu na uhasibu wa gharama hayana huruma kwa mtu aliye peke yake na madesa saa tano usiku, na upweke huo umewaangusha watu wenye akili timamu. Aliyepata F ya hisabati kidato cha nne na hajawahi kuigusa tena, nauli ya kumfikisha mbele ya mwalimu na mbele ya wenzake wa kikundi cha majadiliano ni fedha iliyotumika vizuri. Huria inamfaa zaidi anayeshika vitabu vya hesabu kila siku kazini, anayehitaji cheti cha jambo ambalo mikono yake inalijua tayari.

Halafu kuna swali ambalo vyuo haviwezi kumuuliza mteja wao: je, ni lazima iwe shahada, na ni lazima iwe sasa? Mfumo wa ngazi unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, unampandisha mtu hatua kwa hatua, astashahada, stashahada, hadi shahada ambayo ni ngazi ya nane. Kila ngazi ina cheti chake. Mfanyakazi akiishiwa fedha baada ya stashahada, anaondoka na stashahada. Akiishiwa mwaka wa pili wa shahada, anaondoka na karatasi ya matokeo ambayo mwajiri hajui aiweke wapi. Kwa mwenye kipato kinachoyumba, kupanda kwa ngazi ni bima. Ila alama zilindwe: TCU inamtaka mwenye stashahada awe na wastani wa GPA usiopungua 3.0 ndipo aingie shahada moja kwa moja, na wengi hulitambua hilo wakiwa wameshahitimu na 2.8.

Kwa upande wa uhasibu, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ina mitihani yake Mei na Novemba, na ngazi za chini ambazo mtu asiye na shahada anaweza kuanzia. Anayetunza vitabu vya biashara za watu huenda akafaidika mapema kwa mtihani wa bodi kuliko kwa shahada ya jumla ya utawala wa biashara. Hili linahitaji kusemwa wazi, maana shahada hizo za jumla zinauzwa sana kwa wafanyakazi. Zina jina pana, zinaonekana zinafungua kila mlango. Lakini ununuzi na ugavi una bodi yake ya usajili, uhasibu una yake, na tangazo la kazi kwenye Ajira Portal hutaja fani kwa jina. Jioni moja ya kusoma matangazo ya kazi ya miezi michache iliyopita itamfundisha mtu mengi kuliko maonyesho yote ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja.

Kenya mambo yanafanana. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023 na kinafundisha kwa mtandao, biashara ikiwamo, na mitihani ya uhasibu (CPA) ya bodi ya Kasneb imewatoa wahasibu wa nchi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, wengi wao wakiwa kazini. Kuhusu vyuo vya ng'ambo vinavyofundisha kwa intaneti kwa bei ya kushangaza, Mtanzania aiulize TCU kwanza kama cheti kitatambuliwa, kisha ndipo atoe namba ya kadi ya benki.

Na fedha zenyewe? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inamtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Keshia wa Mwenge mwenye mkataba yuko nje, hata kama mshahara wake haumfikishi tarehe 20. Na kama alikopeshwa zamani akaacha njiani, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kulipa deni hilo. Mwaka 2022 Benki ya NMB ilianzisha mkopo wa elimu kwa wanaopitishia mshahara kwake, kwa riba ya asilimia 9, chini sana ya riba za kawaida za mikopo ya benki. Saccos ya kazini mara nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Anayepitisha mwaka mmoja akiweka akiba kabla ya kuanza chuo atakuwa na pa kukopa, na atakuwa amejipima kama mshahara wake unaweza kumegwa kila mwezi bila nyumba kuyumba. Mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku au kila wiki, haina nafasi kwenye ada. Shahada haizalishi chochote kwa miaka minne; mkopo huo unadai kesho asubuhi.

Lawama ya kushindwa kumaliza isimwangukie mwanafunzi peke yake. Vyuo vinajua kabisa wanafunzi wangapi wa jioni walioanza mwaka fulani walimaliza, na walimaliza baada ya miaka mingapi. Takwimu hiyo, kwa kila programu, ingefaa iandikwe kwenye mwongozo wa udahili kando ya ada, pamoja na bei ya kurudia somo moja. TCU, inayotoa mwongozo huo kila mwaka, ina mamlaka ya kuidai. Serikali nayo inaweza kuruhusu HESLB kumkopesha mfanyakazi wa kipato cha chini kiasi cha masomo mawili au matatu kwa muhula, wakati njia ya kumkata kwenye mshahara ipo tayari na inafanya kazi kila mwisho wa mwezi.