MUAMALA MWEMA: MOTOKAA YA ZAMANI NA ILA ZAKE



Wapo jamaa zetu wengi wakaao Uingereza, na baadhi yao, wakisha kuruzukiwa kiasi cha kutosha, huingiwa na hamu ya kununua motokaa za zamani, mfano wa zile Morris Minor ambazo wazee wetu walizijua katika barabara za Mombasa na Unguja. Hapana ubaya katika hamu hiyo, maadamu haina israfu. Lakini motokaa ni chombo kinachobeba roho za watu. Mke na watoto hukaa ndani yake, na wapita njia hupita mbele yake. Basi yampasa mwenye kuinunua aijue kabla ya kutoa fedha yake.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Alipomwuliza mwenye chakula, akajibiwa kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wapate kukiona. Kisha akawakana wenye kughushi, kwamba si katika watu wake. Angalia, ndugu msomaji: Mtume hakutosheka na kutazama juu ya rundo. Alitia mkono.

Na motokaa ya zamani ni mfano wa rundo lile. Juu yaweza kuwa na rangi mpya inayong'ara, na chini kutu iliyopakwa lami. Je, mnunuzi atatiaje mkono?

Huko Uingereza serikali iliamrisha mwaka 1960 kwamba motokaa zilizotimia miaka 10 zikaguliwe breki, taa na usukani. Na mwaka 1967 umri huo ukateremshwa hata miaka 3. Ukaguzi huo huitwa MOT, kwa herufi za jina la wizara ya usafiri ya siku zile. Tangu mwaka 2005 matokeo yake yalianza kuwekwa katika kompyuta, na leo mtu yeyote aweza kuyasoma katika mtandao wa serikali bila ya malipo, kwa kuandika namba ya motokaa tu. Ataona tarehe ya kila ukaguzi, kama motokaa ilifuzu au ilishindwa, maili zilizosomwa, sababu za kushindwa, na maonyo juu ya vitu vilivyoanza kuharibika.

Kwanza, na azilinganishe maili za mwaka kwa mwaka. Akiona zimerudi nyuma, aulize. Lakini asimtuhumu mtu upesi, kwani saa ya maili ya motokaa nyingi za zamani ina tarakimu 5 tu, nayo ikisha kupita 99,999 huanza tena kwenye sifuri. Huenda pia saa yenyewe ilibadilishwa, au mkaguzi alikosea kuandika.

Pili, ayasome maonyo. Ikiwa kutu imetajwa miaka mitatu mfululizo, kisha haikutajwa tena, aulize ni nani aliyechomelea chuma, na risiti yake i wapi. Kutu haiponi yenyewe. Yaweza kuwa imetengenezwa barabara, na yaweza kuwa imefunikwa tu.

Tatu, asiogope kila kushindwa. Motokaa iliyoshindwa leo ikafuzu baada ya siku chache, pengine mwenyewe ni mtu wa bidii. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayoshindwa kila mwaka kwa ila ile ile.

Nne, ajue kuwa cheti ni ushahidi wa siku moja tu. Mkaguzi hafungui vitu, wala hapimi uzima wa ndani wa injini, klachi na giaboksi. Kwa hiyo amchukue fundi mwaminifu, aingie chini ya motokaa. Katika Morris Minor Traveller, kwa mfano, mbao za nyuma si pambo. Ndizo zinazoushika mwili wa motokaa, na zikioza hushindwa katika ukaguzi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotosha wengi. Tangu tarehe 20 Mei 2018, motokaa nyingi zilizopita umri wa miaka 40, ambazo hazikubadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, zimesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Basi motokaa ya mwaka 1968 yaweza kuwa na kumbukumbu za tangu 2005 hata 2018, kisha kimya. Kimya hicho si dalili ya uzima wala si dalili ya ubovu. Mwulize mwenyewe: ilikuwa ikiendeshwa au imewekwa bandani? Nani aliitengeneza? Vyeti vya karatasi vya kabla ya 2005 vipo?

Tena tufahamu kuwa sheria imemwondolea mwenye motokaa safari ya kwenda kwa mkaguzi. Haikumwondolea wajibu wa kuifanya iwe salama. Akiiendesha katika hali ya hatari aweza kutozwa faini hata pauni 2,500. Nasi Waislamu tunayo hesabu iliyo kubwa kuliko faini. Mtoto wa jirani akigongwa kwa sababu ya breki mbovu, hatutapata udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu kwa kusema kuwa serikali ilitusamehe cheti. Ukaguzi wa hiari waruhusiwa. Mnunuzi na amwombe muuzaji motokaa ipelekwe, na ada aitoe yeye mwenyewe. Muuzaji akikataa bila ya sababu, fedha na ikae mfukoni.

Huenda kijana akasema: "Muuzaji ni ndugu yangu katika dini, twasali msikiti mmoja. Kumchunguza si dhana mbaya?" La. Tulilokatazwa ni kupeleleza siri na heshima za watu. Bidhaa iliyotolewa kuuzwa si siri, na kuikagua ni kumkinga ndugu yako na ugomvi wa kesho. Ni mangapi ya mapenzi ya msikitini yaliyovunjika kwa biashara iliyofanywa kwa haya!

Kwa upande wa muuzaji, wajibu wake ni mzito zaidi. Akijua ila, aiseme kabla ya kuulizwa, kwani wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka huondoka. Mnunuzi akigundua ila ya zamani iliyofichwa, sharia yetu humpa hiari ya kurudisha. Na katika madhehebu ya Shafi asichelewe akisha kuijua. Sheria ya Uingereza nayo humkinga kidogo anayenunua kwa mtu binafsi kuliko anayenunua kwa mfanya biashara wa magari. Kwa hiyo heri kuuliza leo kuliko kudai kesho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza na kununua, na azihifadhi jamaa zetu barabarani. Amin.