Programu Itakuchorea Keja Vile Umeiambia

Wasee wa Eastlands, siku hizi kuna programu inachora majengo. Unaipa saizi ya ploti, bajeti na lengo, inakutolea ramani kibao kwa muda mfupi, wewe unachagua. Watu wanashangilia ati sasa tutaishi poa.

Manze, pole pole. Pipeline kule Embakasi ilijengwa kama vile lengo ni moja tu: vyumba vingi iwezekanavyo kwa kila ploti. Ndio maana kuna keja unawasha taa saa sita mchana. Ipe programu lengo hilo hilo, itakupea Pipeline ingine, tena haraka. Iambie kila chumba lazima kipate jua, hewa na ngazi ya kutorokea moto, ramani zitabadilika zote.

Alafu kuna pacha wa kidijitali: nakala ya jengo kwa kompyuta, inayopokea habari kutoka kwa vifaa vya kupima vilivyofungwa kwa jengo lenyewe. Nguzo ikianza kuinama, skrini inaonyesha. Sawa, lakini nani anaangalia hiyo skrini? Huruma, 29 Aprili 2016, ghorofa lilianguka usiku wa mvua, watu zaidi ya 50 wakafa. Jengo lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa. Onyo lilikuwepo, na wapangaji bado walikuwa ndani.

Kwa hivyo teknolojia ikuje, lakini mpangaji aone kwa simu yake kila kitu landlodi anaona. Na uhai wetu uandikwe kama lengo la kwanza, kabla ya kodi.

Wewe ungeandika lengo gani la keja yako?