Nusu Asilimia Tu, Waheshimiwa

Nyumba ya tofali huku Kisesa ikijengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, haipasuki ovyo. Ufa huanzia kona ya dirisha, ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali hadi kwenye msingi. Kiangazi unapenyeza kidole. Masika yakikolea unajifumba, mwenye nyumba anashukuru Mungu. Fundi anaitwa, anausiliba kwa saruji, analipwa, na mwaka unaofuata ufa uko palepale. Udongo ule huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na fundi anachimba msingi kwa kukisia.

Kuondoa kukisia huko ni kazi ya mtu wa kuchimba mashimo ya majaribio, kupima unyevu msimu kwa msimu kwa miaka mitatu, minne, huku akila na kulipa kodi ya chumba. Kwa jina rasmi, hiyo ni shahada ya uzamivu ya uhandisi. Na nchi hii inawapenda wenye uzamivu wakiwa meza kuu tu, wanapotambulishwa "Dokta" na kupigiwa makofi. Wakiwa maabara hatuwajui.

Nani amewasomesha wahandisi wetu hadi ngazi hiyo? Tuseme ukweli hata kama unauma. Kwa miongo kadhaa Wasweden, kupitia shirika lao la Sida, wamegharamia utafiti na masomo ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wajerumani wana shirika lao la ufadhili wa masomo, DAAD. Mradi wa HEET unaosomesha wahadhiri wetu ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Siwabezi, bila wao tungekuwa pabaya zaidi. Lakini mwenye fedha ndiye anayechagua swali, na sijasikia mlipa kodi wa Stockholm anayekosa usingizi kwa ajili ya ufa wa Kisesa.

Fedha hatuna? Nendeni Kigongo mkaone. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa hadi Busisi, limefunguliwa Juni 19, 2025 baada ya kumeza zaidi ya shilingi bilioni 700. Limejengwa na kampuni za China, na limejengwa vizuri. Aliyepewa heshima ya jina lile alipata uzamivu wa kemia Dar es Salaam mwaka 2009, kwa utafiti wa kutumia mafuta ya maganda ya korosho kuzuia kutu kwenye chuma. Haya, chuma cha daraja lile kimesimama katika unyevu wa ziwa usiku na mchana. Yuko wapi kijana wetu anayelipwa kukifuatilia, kutu ikianza atwambie imeanzia wapi na kwa nini?

Hesabu si ngumu. Tukitenga nusu asilimia ya kila mkataba wa ujenzi kwa watafiti, nusu asilimia ya bilioni 700 ni bilioni 3.5. Mpe kila mtafiti milioni 120 kwa miaka minne, za kujikimu, vifaa na maabara, utasomesha watu 29. Daraja moja tu! Leo mtu huyohuyo anafundisha vipindi vya shahada ya kwanza mchana, anasahihisha mitihani usiku, na tasnifu anaigusa Jumapili akitoka kanisani. Halafu tunamwita mvivu akichukua miaka minane.

Najua jibu la wakubwa: tasnifu zinaishia kabatini zikiliwa na mchwa. Kweli kabisa, na baadhi zinastahili mchwa. Ndiyo maana fedha ipite kwenye mkataba wa ujenzi: mtafiti apime daraja, reli au udongo uleule, na fungu la mwisho asilipwe mpaka akabidhi halmashauri mwongozo wa Kiswahili ambao fundi wa Kisesa anaweza kuusoma akiwa ameshika koleo. Na wale wanaosema msomi akishasomeshwa anatoroka, wanieleze kwanza wamemwekea nini cha kumfanya abaki.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa tangu 2021, na njiani inakutana na udongo uleule mweusi. Mikataba mingine ya barabara itasainiwa mwaka huu na mwakani. Kipengele cha nusu asilimia hakizidi mistari mitatu. Bunge la bajeti likikaa, nataka kumsikia mbunge mmoja tu wa Kanda ya Ziwa akisimama kukidai, na Waziri wa Ujenzi akijibu ndiyo au hapana, jina lake liingie kwenye Hansard.