Tushauriane Kabla ya Hasara, Tusameheane Baada Yake

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, hapa Ruanda, wilayani Mbozi, kahawa inatufundisha jambo ambalo ofisi nyingi zimeshindwa kulielewa. Tunda likichumwa leo, yapasa limenywe leo hii, kisha livundikwe, lioshwe na kuanikwa. Mchumaji akichanganya mbichi na mbivu, au mwenye mashine akichelewa, ladha huharibika na bei hushuka kwa wote, akiwemo yule aliyetimiza wajibu wake. Sare na madaftari ya wanawe hupotea kwa kosa la mwenzake.

Tumewahi kuhudhuria kikao cha kikundi kimoja baada ya hasara ya namna hiyo. Kila mmoja alimtupia lawama mwenzake. Kilichotusikitisha zaidi ni kwamba watu wawili waliuona ubovu wa mashine mapema, wakauzungumza njiani, wasiuseme kikaoni. Mmoja alimwogopa mwenyekiti; wa pili alidai haikuwa kazi yake.

Kwa maoni yetu, vikundi vingi haviangamizwi na uchache wa ujuzi. Huangamizwa na ukimya kikaoni na maneno ya pembeni. Na ukimya huo huzaliwa pale mleta habari mbaya anapoadhibiwa.

Tutazame vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliona ni bora kubaki Madina, lakini wengi walipenda kutoka, naye akawakubalia. Wapiga mishale 50 waliwekwa mlimani na kuamrishwa wasiondoke. Walipodhani ushindi umepatikana, wengi wao walishuka kufuata ngawira, na Waislamu wakapata msiba mkubwa. Kiongozi mwingine angesema: kuanzia leo sishauriani na mtu. Lakini katika Suuratu Aal Imran, aya ya 159, Mtume aliamrishwa awasamehe, awaombee maghfira na aendelee kushauriana nao. Shura haikufutwa na kosa.

Hatusemi mwizi wa amana aachwe. Huyo ana sheria yake. Tunazungumzia kosa la uzembe, haraka na kutoelewana, ambalo ndilo la kila siku.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kazi kila mtu atajwe kwa jina na jukumu lake, ili asiwepo wa kusema si kazi yangu. Pili, mwenyekiti asikilize wengine kwanza, yeye aseme mwisho. Tatu, shauri likipita, hata aliyelipinga alitekeleze kwa moyo mmoja. Nne, hasara ikitokea, tuulize kwanza ni kipi kilichoharibika, ndipo tuulize ni nani.

Enyi wazazi, mafunzo haya huanzia nyumbani. Mtoto anayekaripiwa kwa kusema kwamba paa linavuja, hukua akijua kunyamaza. Kesho atakuwa yule aliyeiona mashine mbovu akapita zake. Tumzoeze kusema, nasi tujizoeze kusikia.

Wabillahi tawfiq.