Daktari Bingwa Apimwe kwa Mizani Gani?

Siku hizi panapotokea shauri juu ya ugonjwa uliopatikana kazini, upande wa tajiri huleta daktari bingwa, na kabla hajafungua kinywa husomwa hesabu yake. Ameandika makala mia na zaidi. Ametajwa na wenzake mara elfu kadha. Mfanyi kazi aliyekaa pale na kikohozi chake, ambaye hajaandika kitu ila barua za kwao, huona shauri limekwisha. Sisi twasema halijaisha, na twataka kueleza hesabu hiyo hutoka wapi, kwani kitu kinachotumiwa kutunyamazisha yafaa tukijue.

Mwaka 1955 Bwana Eugene Garfield wa Marekani alitoa shauri kwamba iwepo faharasa ya kuonyesha makala ya wataalamu yametajwa na nani katika makala ya baadaye. Mwaka 1964 faharasa hiyo ilianza kuuzwa. Nia ilikuwa njema: msomaji aweze kufuata nyayo za habari. Lakini faharasa ya habari ikageuzwa kuwa kipimo cha watu. Mwaka 2005 Bwana Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia wa California, akaleta namba moja tu ya kumpima mtu: mwenye namba 30 ni yule mwenye makala 30 yaliyotajwa mara 30 au zaidi kila moja. Kwa namba za namna hiyo watu huajiriwa, hupandishwa cheo na kupewa fedha za utafiti.

Wenzetu wa mashamba ya chai huko Kericho na Nandi hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtu akilipwa kwa kilo, kikapu hujaa. Mizani hujua uzito tu, haijui majani machanga na majani makuukuu, ndiyo sababu pana mtu wa kukagua kikapu kabla hakijapimwa. Kwa mabingwa, mkaguzi huyo mara nyingi amechelewa sana. Katika Japani, Dakta Yoshitaka Fujii, daktari wa dawa za usingizi, alikaguliwa makala 212. Mwaka 2012 chama cha madaktari wenzake kilitangaza kwamba 172 kati ya hayo yalikuwa na habari za kubuni. Miaka yote hiyo kikapu chake kilipimwa kuwa kizito. Na huko Uingereza, makala ya Dakta Andrew Wakefield ya mwaka 1998, juu ya watoto 12 na chanjo ya surua, yalifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Yametajwa mara nyingi mno, na wengi waliyataja ili kuyakanusha. Mizani haikuuliza. Kutajwa kwa sifa na kutajwa kwa aibu ni kilo ile ile.

Hatusemi kwamba kuandika si kitu. Daktari anayeficha aliyoyaona hatufai hata kidogo. Makala ni kama daftari ya mkutano: kila mtu aweza kuifungua na kusema, hapa pana kosa. Tunalosema ni kwamba wingi wa daftari hauonyeshi kilichoandikwa ndani, wala nani alilipa wino.

Tazameni mfano wa Dakta Irving Selikoff wa New York. Mtu huyu alikuwa na jina tayari. Mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa waliojaribu dawa ya isoniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, dawa inayotumika hata leo. Baadaye katika zahanati yake mjini Paterson, New Jersey, aliwatibu wafanyi kazi wa kiwanda cha asbesto, akaona mapafu yao yanaharibika. Kuwatibu wachache hakukutosha. Ilihitajika kujua ni wangapi walioingia kazi hiyo, na wangapi wamekufa, na kwa nini.

Majina yalitoka wapi? Yalitoka katika daftari za chama cha wafanyi kazi. Mafundi waliofunika mabomba na mitambo ya mvuke kwa asbesto, katika New York na New Jersey, walikuwa na chama, na chama kilikuwa na makarani walioandika kila mwanachama na mwaka alioingia. Dakta Selikoff na wenzake wawili, Dakta Churg na mtaalamu wa hesabu Bwana Hammond, walichukua mafundi 632 walioingia kazini kabla ya mwaka 1943, wakawafuata mpaka 1962. Kwa hesabu ya watu wa kawaida, vifo vya kansa ya mapafu na utando wake vingalikuwa kama 6.6. Vilikuwa 45.

Makala hayo yalitoka mwaka 1964, mwaka ule ule faharasa ya Bwana Garfield ilipoanza kuuzwa. Yametajwa mara nyingi sana, na alama zote za kutajwa zimewaendea waandishi watatu. Karani aliyeandika majina kwa mkono wake hana namba. Wale 45 hawana namba. Hatumlaumu Dakta Selikoff kwa hilo, kwani baadaye alirudi kwa chama hicho na kuwafuata wanachama 17,800 wa Marekani na Kanada kuanzia mwaka 1967. Twalaumu mizani.

Tena, kumbukeni Dakta Richard Doll wa Uingereza. Mwaka 1955 alitoa makala juu ya wanaume 113 waliofanya kazi miaka 20 au zaidi katika kiwanda cha asbesto mjini Rochdale. Kansa ya mapafu ilikuwa imewaua 11, hali vifo visivyofika hata kimoja ndivyo vilivyotazamiwa. Kampuni ilijaribu kuzuia makala hayo yasitoke. Kama wangalifaulu, hesabu ya Dakta Doll ingalipungua makala moja tu, wala hakuna faharasa ambayo ingalituonyesha pengo.

Kwa hiyo bingwa akija na namba yake, wajumbe wetu wamwulize: Ni watu wa kazi gani uliowapima? Uliwafuata miaka mingapi? Waliokwisha kuacha kazi uliwahesabu? Nani alilipa? Na tabibu wa hospitali ya wilaya, anayewaona mafundi wetu kila juma na asiye na hata makala moja, naye asikizwe.

Neno hili ni letu pia. Katika Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na bado mapaa yake yako juu ya nyumba nyingi, na wanaoyavunja ni vibarua. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye watu 20 au zaidi. Twaomba kila tawi, pamoja na kamati hiyo, lifungue daftari moja: jina, kazi, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuacha, vumbi au dawa aliyoshika, na akifa, alikufa kwa nini. Walioacha kazi wasifutwe. Vibarua wa siku moja waandikwe pia. Daftari ikae kwa katibu wa tawi, isikae ofisini kwa tajiri.