Mafua yakibisha hodi, bandika tangawizi

Mwezi wa Julai ukifika Nairobi hakuna nyumba isiyokohoa. Baba anapiga chafya kwenye matatu, watoto wanarudi kutoka shuleni na makamasi, na wewe mwanafunzi uliyepanga chumba peke yako unajiuliza kama zile shilingi zilizobaki uzipeleke kwenye duka la dawa.

Zihifadhi kwanza. Mafua huletwa na virusi, na vile vidonge vya kuua bakteria havina nguvu yoyote juu ya virusi. Mara nyingi ugonjwa huisha wenyewe baada ya wiki moja hadi siku 10. Kwa sasa kinachotakiwa ni kupumzika na kunywa vitu vya moto.

Chukua kipande cha tangawizi mbichi kinachotoshana na kidole gumba, ukioshe na kukiponda. Kitie katika sufuria yenye vikombe 4 vya maji, pamoja na karafuu 3. Ikiwa una mchaichai, kata majani mawili uyafunge fundo, uyatumbukize humo. Maji yakitokota punguza moto, funika, uache dakika 10. Epua, chuja, kisha kamulia nusu ya limau. Asali ni kijiko kimoja kwa kila kikombe, chai ikiwa imepoa kidogo. Majani ya chai si lazima, ingawa nyanya yangu hakubaliani nami. Kwake yeye, chai isiyo na maziwa ni maji ya kusuuzia vikombe.

Chai hii haiui virusi. Hulainisha koo, hupunguza kikohozi, na mvuke wake huzibua pua kwa muda. Lakini joto la mwili likipanda, nawe umetoka safari Kisumu au Pwani juzi, kapimwe malaria kwanza.

Sasa wewe mama mwenye mtoto mchanga, nisikilize. Mwaka jana nilimkuta jirani yangu akitaka kumlambisha asali mwanawe wa miezi 5. Nikamshika mkono. Alinuna kwelikweli! Asali huweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo humea tumboni mwa mtoto asiyetimiza mwaka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Nikiwa pale nikaona kifua cha mtoto kinabonyea kila akivuta pumzi. Tukamhesabu kwa saa ya ukutani, dakika nzima, akiwa ametulia: pumzi 58. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Hatukungoja kupambazuke, tulimfunika shali, tukatafuta teksi.

Alilazwa siku nne. Siku hizi mamake ndiye anayekuja kwangu kuomba mchaichai, na kila akija huniuliza kama nimebakisha tangawizi pia.