Kodi Moja Isilipwe Mara Mbili



Kila mara kikao cha baraza la jimbo kinapokwisha, wabunge hurudi kwa watu waliowachagua na habari tatu ambazo twazijua kwa moyo: ushuru utapunguzwa, bajeti imepitishwa, vijana watafundishwa kazi za mikono. Watu hupiga makofi, kisha kila mtu aenda zake. Sisi twaomba makofi hayo yangoje kidogo.

Tuanze na kodi. Wazee wetu walitusimulia kodi ya kichwa ya Wabelgiji: mwanamume aliyekosa kuilipa aliweza kutiwa gerezani. Wabelgiji walikwenda zao mwaka 1960, lakini desturi ya kumsimamisha mtu njiani na kumdai pesa haikwenda nao. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS (nao watoka Ubelgiji, tazameni!) walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu zote mbili, vya askari, vya vikundi vya silaha na vya watumishi wa serikali. Mama aletaye maharagwe mjini hulipa njiani, hulipa tena sokoni, na mwisho mlaji wa Kadutu na wa Bagira huyalipa yote ndani ya bei.

Halafu ikaja Februari 2025. AFC/M23 iliingia Bukavu, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, mabenki yakafunga milango. Watoza kodi walibadilika, mlipaji akabaki yule yule. Hapa ndipo twataka neno la kweli. Mwenye nyumba, mwenye gari au mwenye duka aliyelipa mbele ya bunduki, je, atadaiwa tena na serikali kwa miezi ile ile? Mbunge atajaye msamaha wa kodi bila kujibu swali hili hajasema kitu. Sisi twasema risiti ya aliyelazimishwa ihesabiwe, na aliyefunga duka kwa kukosa benki na wateja asitozwe faini ya kuchelewa. Wako watakaosema kwamba kuikubali risiti hiyo ni kumkubali aliyeitoa. Sivyo. Kumhesabia mwananchi pesa zake si kumtambua aliyezichukua.

Juu ya bajeti hatutasema mengi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, yasema jimbo lipate asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikizuiwa pale pale zinapokusanywa. Neno hilo halijatimizwa kama lilivyoandikwa. Jimbo lazidi kungoja Kinshasa irudishe kile inachotaka, siku inayotaka. Kwa hiyo baraza hupitisha hesabu ya pesa ambazo hazijaonekana. Sisi hatuulizi tena ni kiasi gani kimeandikwa. Twauliza ni kiasi gani kimefika, na kimetumika wapi. Na kifungu cha 174 chasema hakuna kodi pasipo sheria. Orodha ya kodi za majimbo imewekwa tangu Machi 2018. Mtozaji akija na jina lisilo katika orodha hiyo, mwananchi ana haki ya kumwuliza jina hilo amelitoa wapi.

Sasa ufundi, jambo linalotuuma kuliko yote. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Mtoto akitaka useremala, uashi, umeme au umakanika, mzazi ndiye hutafuta pesa, na asipozipata kijana hushuka Kamituga kuchimba dhahabu, au huchukuliwa na wenye silaha, ambao hawamwulizi diploma. Si kwamba nchi haikufikiri. INPP iliundwa kwa sheria ya Juni 1964, yalishwa na michango ya waajiri, na ina tawi hapa hapa Bukavu. Lakini waajiri wakifunga, michango nayo hukauka, na hapo ndipo bajeti ya jimbo ingepasa kuingia. Wazazi wengi nao humdharau fundi. Wataka kila mtoto awe mwanasheria, kisha paa likivuja humtafuta huyo huyo waliyemdharau! Tena uashi haufundishwi kwa chaki. Wataka saruji, matofali, mwiko na timazi, na vitu hivyo hununuliwa kwa pesa. Mbunge atuonyeshe katika bajeti mstari wa vyombo vya mafundi, maana ule wa mafuta ya magari ya wakubwa haukosekani kamwe.

Basi ajaye kutuhutubia aache hotuba nyumbani, alete karatasi: kodi ipi imefutwa, pesa ngapi zimefika, shule gani imepata vyombo. Na aibandike ukutani mwa soko la Kadutu kwa Kiswahili, kwa kuwa bajeti huandikwa kwa Kifaransa, na wengi wanaoilipa hawakisomi.